Nondo wa Mzee Kasongo

Nilipokuwa mtoto nilimwonea ndugu yangu wivu kwa sababu ya mdudu. Wenzangu huonea wivu shamba, nyumba ya bati, mke wa jirani. Mimi, fundi wa pikipiki ambaye hapa Musonoi hakuna taxi-moto iliyokata roho ikanishinda kuifufua, nililia machozi ya kweli kwa ajili ya nondo mweupe asiyefikia ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Juzi mke wangu alivua kandambili ampige mmoja ukutani, juu ya gunia letu la mahindi. Nikamshika mkono.

"Weye Fidele, kichwa iko muzima? Kapepeo hako kanakula bukari ya batoto!"

"Nakajua kuliko weye."

"Unakajua! Unajua kila kitu, shule tu ndiyo haukujua."

Hapo alinipata, kwa sababu shule niliiacha darasa la tano. Lakini kuhusu mdudu huyu nawashinda hata wenye diploma. Wao wanalo jina lake la Kilatini. Mimi najua anwani yake, na namna nilivyoijua ndiyo habari yenyewe.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba ya vyumba viwili, jiko likiwa kibanda cha matofali nyuma ya nyumba. Tulikuwa watano: baba, mama, mimi, mdogo wangu Kasongo, na Nkambo, mama mzazi wa baba. Nkambo alikuja kutoka Lubudi kwa treni baada ya mumewe kufa. Baba alikwenda stesheni kumpokea akidhani atashuka na mizigo ya nyumba nzima, akashuka na sufuria moja na mafungu manne ya mahindi ya mbegu, kila fungu limefungwa kwa kamba ya gome, fundo la mkono wake mwenyewe.

Mbegu ile ilikuwa ya Mzee, babu yetu. Maisha yake yote alikuwa akipita shambani kabla ya mavuno, peke yake, akichagua hindi hili na kuliacha lile, na hakuna aliyejua anaangalia nini. Mahindi yake yalikuwa meupe, mazito, na yalivumilia mvua ikichelewa. Watu walimwomba punje, akawapa unga. Alipokufa, mbegu ndiyo kitu pekee Nkambo alichokibeba mapajani njia nzima. Akaitundika jikoni juu ya moto, kwenye kichanja cha miti, moshi ufukuze kila chenye meno. Kila mwaka tulipanda sehemu kwenye shamba letu upande wa njia ya Nzilo, na kila mwaka mafungu manne mapya yakapanda kwenye kichanja.

Basi, miezi mitatu baada ya Mzee kuzikwa, mdogo wangu alizaliwa, akapewa jina lake: Kasongo. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa kitambo na jina nimeshapewa, la shoferi. Ndiyo, la shoferi! Mama alishikwa na uchungu akirudi kutoka shamba, lori la makaa likapita, shoferi wake Tata Fidele akampandisha, na mimi nikatoka kabla lori halijafika hospitali. Baba kwa shukrani akaniita Fidele. Kila aliposimulia watu walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Maana kwetu mwenye jina la marehemu ndiye marehemu. Nkambo hakumwita Kasongo mjukuu. Alimwita bwana yangu. Mtoto wa miaka sita, kamasi hadi mdomoni, na kuku akichinjwa siku ya sikukuu, mama anapakua, Nkambo anasema: "Firigisi ni ya bwana yangu. Bwana, kuya ukule." Na yule bwana anakwenda, anaketi, anatafuna firigisi taratibu huku akinitazama kwa macho makubwa. Mimi mwenye miaka tisa, niliyeteka maji, niliyemshika huyo kuku kwa mbio zangu mwenyewe, mbio ambazo hakuna mtoto wa kambi aliyezifikia, nilipewa shingo.

Firigisi ningeisamehe. Nondo ndiye aliyeniua.

Alikuwa akija jioni, mama akisonga bukari, ugali wetu. Nondo mdogo wa rangi ya ganda la hindi kavu, na pindo jembamba kwenye mabawa kama la shali ya mama mwenye pesa. Haruki juu wala mbali. Anapeperuka kidogo, kama mtu anayeingia nyumba ya watu na haya, kisha anatua na kukunja mabawa mgongoni, unamdhania kipande cha bua. Na karibu kila mara alitua kwa Kasongo, begani au kichwani.

"Batu bote mukae kimya," Nkambo alisema. "Ni Mzee. Anakuya kuangalia jina yake."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Hata baba, mtu wa mgodi asiyeogopa baruti, alivua kofia. Kasongo alikaa bila kupumua, mabega yamekauka, mpaka mdudu aruke. Mimi niliona ni maringo. Nilisema moyoni, tazama anavyojikausha kama sanamu ya kanisani.

Siku moja nikauliza: "Nkambo, na mi nani atanikujia?"

"Weye? Mwenye jina yako iko muzima, anatembeza kamio. Atakukujia na kamio!"

Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Na kweli alikuwa akija na lori. Kila alipopita kutoka Lubudi, Tata Fidele alipiga honi mara tatu mbele ya nyumba yetu, nami nikakimbia, akanitolea mkate dirishani. "Majina yangu! Ulikula?" Ndivyo alivyoniita, kama tunavyomwita mtu tunayeshiriki naye jina. Baada ya yale maneno ya Nkambo nilianza kumtazama yule mtu mwema kwa jicho baya. Nilimtafuta ugonjwa. Siku moja nilimuuliza waziwazi: "Tata, hauumwe mahali?"

"Miye? Niko nguvu kama ng'ombe, majina!" Akajipiga kifua.

Nikarudi na mkate wangu nimenuna. Nikakata nusu nikamtupia Kasongo, kwa sababu mama alikuwa akiangalia.

Mwaka ule Nkambo alitangaza jambo. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mbegu hushushwa mbele ya jamaa wote, fungu linafunguliwa, na mkono mmoja unachukua punje ya kwanza na kuipanda kwenye tuta dogo nyuma ya jiko. Zamani ulikuwa mkono wa Mzee, na tangu afe ulikuwa wa Nkambo. Sasa alisema vidole vyake vimechoka. "Mutoto ule Mzee atakalia siku ile, ndiye atafungua mbegu."

Hakutaja Kasongo. Alisema mutoto. Nami nilikuwa mtoto.

Nikaamua kujua yule Mzee anatoka wapi. Nilimfuata kama mpelelezi siku nyingi, na sisemi uongo, sikio langu lilikuwa linasikia mabawa yake. Hakutoka makaburini wala angani. Alitoka pembeni mwa chumba chetu, kwenye magunia ya mahindi ya kula. Na nani alilala juu ya magunia yale? Kasongo, kwa kuwa alikuwa mdogo na mkeka ulikuwa wangu. Blanketi lake lilijaa nondo kama mbwa alivyojaa viroboto. Mzee hakumchagua mtu. Alikuwa amepanda blanketi!

Nikachukua punje nikazichunguza juani. Nyingine zilikuwa na tundu dogo la mviringo, safi, kama limetobolewa na fundi. Nyingine hazikuwa na tundu bado, ila duara hafifu, kama kidirisha cha karatasi, na nilipokisukuma kwa mwiba, ndani amelala nondo mzima amekunjwa, mweupe, bado hajui kuruka. Anaingia akiwa mdogo kuliko unywele, anakula nyumba yake kutoka ndani, anajichongea mlango, anatoka. Punje moja, mpangaji mmoja. Hapo ndipo anapoishi, na hayo sikufundishwa na mtu.

Mtoto mwenye roho nzuri angekimbia kumwambia Nkambo. Mimi nilikaa pale juani nikafikiri: kumbe huyu mzee anaweza kuhamishwa.

Maana sikuacha kuamini. Hilo watu huwa hawanielewi nikisimulia. Nilimwona mdudu akitoka kwenye punje, na bado alikuwa Mzee. Treni nayo unaiona ni chuma, lakini inamleta mtu. Kwangu swali lilikuwa moja tu: nimpe nyumba gani aipende kuliko blanketi la Kasongo?

Nilianza na boksi la sabuni kwenye shimo nililochimba chini ya mkeka, nikaweka konzi ya mahindi yenye matundu. Nondo wakatoka, wakaenda zao kwa Kasongo. Nyumba zile zilikuwa zimeshaliwa, nani angekaa? Ndipo akili yangu kubwa ikanipa jibu. Mzee atataka mahindi yake mwenyewe. Aliyachagua kwa mkono wake miaka yote, halafu mkewe anayatundika kwenye moshi! Nani anamtundika mumewe kwenye moshi? Kama haji jikoni ila kwa haraka, ni kwa sababu macho yanamuwasha.

Nikapanda kwenye kichanja wakati Nkambo yuko kanisani, nikashusha fungu moja. Nikaliweka kwenye boksi pamoja na nondo kumi niliowakamata kwa mikono. Nikafunika kwa gazeti.

Kila siku baada ya shule nilifungua kidogo nikaongea naye.

"Mzee, ni miye, Fidele. Jina yako siko nayo. Lakini nyumba nimekupa."

Wiki zikapita, na wakaanza kutoka, wapya, weupe, na wakatua kwangu! Mkononi, kwenye kifundo, mmoja kwenye kope. Sijui nimwambie nani aelewe furaha ile. Nilikaa bila kupumua, mabega yamekauka. Kisha nikataka zaidi, kwa sababu Kasongo naye aliendelea kutuliwa jikoni mbele ya watu, na mimi natuliwa chini ya mkeka bila shahidi. Nikashusha fungu la pili. Nikashusha la tatu. Lile moja lililobaki nikalisogeza katikati ya kichanja na kulizungushia mahindi ya kula, kutoka chini usijue.

Siku moja kabla ya kushusha mbegu nikayarudisha yote. Sikugusa mafundo. Nilijiona mjanja kuliko polisi.

Jumamosi jamaa wakaja. Dada wa baba, tantine Bea, alifika na kitenge kipya, na majirani wachache wakasimama mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi inanukia. Mimi nilivaa shati langu la kanisa na mfukoni nimejaza unga wa mahindi, chambo cha Mzee, nikajisogeza mbele ya Kasongo hadi nikamkanyaga.

"Yaya, unaniumiza." Kwetu yaya ni kaka.

"Rudia nyuma basi."

Nkambo akaketi kwenye kigoda, lungo mapajani, akapokea fungu la kwanza kutoka kwa baba. Akalipima kwa mkono, akakunja uso. Akafungua fundo. Akashika hindi moja, akavuta ganda.

Mzee akatoka. Lakini hakutoka mmoja.

Walitoka kama majivu yaliyopulizwa. Nkambo akavuta ganda la pili, wakatoka wengine. Wakatua kwenye kitenge cha tantine Bea, masharubuni kwa baba, kwa jirani, kwenye sufuria na kwa mbuzi aliyefungwa mlangoni. Kwangu pia walitua, nadhani saba, mbele ya mashahidi wote, na hakuna aliyeniangalia.

"Yesu Maria!" tantine alipiga kelele akijikung'uta. "Mama, bwana yako alioa bibi ngapi kule? Anakuya na kijiji muzima!"

Watu wakaangua kicheko. Baba alicheka. Mimi pia nilianza kucheka, ndipo nikamwona Nkambo.

Alikuwa ameshika lile hindi. Alilibana kidogo tu kwa kidole gumba, na punje zikapasuka kama maganda ya mayai, unga ukamwagika kwenye lungo. Akachukua la pili. La tatu. Kicheko kikafa mtu mmoja mmoja hadi ikabaki sauti ya maganda yakichanwa. Akafungua fungu la pili, kisha la tatu, na yote yalikuwa matupu kama vibuyu. Miaka yote ya Mzee kupita shambani peke yake ilikuwa pale kwenye lungo, vumbi.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliinua maganda puani akayanusa. Hayakunuka moshi. Akafungua fungu la nne, lile lililobaki juu, akanusa: moshi. Akalikumbatia kama mtoto. Halafu akanyanyua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasimama kwangu, kwenye mfuko wa shati langu uliokuwa ukimwaga unga.

"Fidele. Ulibiweka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Mimi nadanganya vizuri, kila mtu Musonoi atakwambia. Lakini siku ile nilisema kweli. "Kwa boksi," nikasema. "Chini ya mukeka. Nilitaka anikujie na miye."

Baba akafungua mkanda. Nkambo akasema, "Wacha," na mkanda ukarudi.

Aliwatuma wote nje, tukabaki wawili. Akaleta beseni la maji. Akamimina punje zote zilizobaki na umbo, akaniambia niweke mikono ndani. Zilizoliwa zilielea, zilizo hai zilizama. Tulikaa hapo siku nzima. Alishika mikono yangu kwa mikono yake ndani ya maji, akinionyesha namna ya kusukuma zilizokufa pembeni bila kuzipoteza zilizo chini, kisha jinsi ya kuibana punje kwa meno, jinsi ya kutazama moyo wake dhidi ya mwanga, kwa nini Mzee alikataa hindi lenye ncha tupu, kwa nini alipenda punje bapa za katikati. Siri ambayo Lubudi nzima iliiomba, aliniambia mimi mwizi. Nilidhani ni adhabu. Nililia machozi yakadondokea kwenye beseni, kwa sababu nje nilisikia Kasongo akicheza na watoto, na nilimwonea wivu hata hilo.

Jioni tulikuwa na punje hai za kujaza kopo moja la nyanya, na lile fungu la nne. Nani aliipanda punje ya kwanza? Kasongo. Nkambo alimwita, "Bwana yangu, kuya," na akaja, akaiweka kwenye tuta kwa kidole kimoja. Mimi nilishika kopo.

Miaka mingi baadaye tulimzika Nkambo. Kasongo alikuja kutoka Lubumbashi, ambako ni karani mwenye tai. Tulikaa kwenye viti vya matanga mchana, na nondo akapita, akatua kwenye tai yake. Nikaona mabega yake yanakauka, kama zamani. Nikamtania.

"Unaona? Sasa ni bibi yako anakufuata. Ulizoea kuringa na hako kadudu."

Hakucheka. "Yaya, nilikuwa naogopa."

"Kuogopa nini?"

"Mutu mufu alikuwa ananikalia. Kila siku. Nilikuwa na miaka sita, na banasema mi ni marehemu. Firigisi nilikuwa nameza tu, nisitapike." Akapuliza nondo taratibu. "Weye nilikuwa nakuonea wivu mpaka nalia. Mwenye jina yako alikuwa anapiga honi. Alikuwa anakuya na mukate."

Nilimkumbuka Tata Fidele akijipiga kifua dirishani. Alikuwa ameshafariki wakati huo, na mazishi yake nilikwenda nimechelewa, kwa pikipiki ya mteja.

"Na ile siku ya beseni," Kasongo akaongeza, "nilikuwa nje nabachungulia kwa tundu ya ukuta. Miye Nkambo hakunishika mikono vile hata siku moja."

Basi ndiyo hivyo. Kila mmoja alikuwa anamlilia mwenzake upande wa pili wa ukuta. Jina liko Lubumbashi, ofisini, limevaa tai. Mbegu iko kwangu, juu ya moto wa mke wangu, mafungu manne, na fundo la gome ni langu. Majirani wanaomba punje. Nawapa unga, na maneno mengi.

Nondo wa juzi aliokoka kandambili, akazunguka kidogo, akatua. Sikuita watu wakae kimya. Nilimsalimia Mzee, kwa sauti ndogo, kisha nikaenda kukagua gunia punje kwa punje, nitafute mlango alimotokea. Huo ndio utaratibu wangu: salamu kwanza, halafu gunia. Lakini alikuwa ametua kwa mke wangu, begani, na niwaambie ukweli, nikiwa nimeinama pale na ndevu zangu nyeupe, kuna kitu cha utotoni kilinichoma hapa kifuani.